Asiyekuwepo Hasemwi

Yule mama alipanda ngazi za gazeti letu akiwa na nyundo mkobani. Mlinzi alimwuliza ya nini. Akajibu kwamba yeye ni fundi viatu, na fundi haachi nyundo yake nyumbani kama vile mlinzi asivyoacha rungu lake. Mlinzi akacheka, akampisha. Mama akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza ya dada yangu, akalitandaza gazeti la jana juu ya karatasi zake na kuweka kidole kwenye kichwa cha habari.

"Wewe ndiye Kupe?"

Kila kichwa chumbani kikainuka. Kupe ni jina tulilompa dada sisi wa ndani, kwa sababu akishaing'ata habari haachii mpaka ashibe. Mgeni hatarajiwi kulijua, sembuse kulitamka; lazima mlinzi ndiye aliyemtajia.

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Sijaja kukaa. Umeandika hapa kwamba hofu imetufunga midomo. Mimi namwogopa nani?"

Dada si mtu wa kutikisika. Amewahi kufukuzwa na mbwa wa polisi na kurudi kesho yake kumwuliza mwenye mbwa jina lake. Lakini siku ile nilimwona akifunga kalamu na kuifungua tena.

"Mama, nilikuja kwako. Nilikuuliza ni nani aliyetoa amri. Ukaniambia si leo. Nikaenda kwa jirani yako, si leo. Nimegonga kila mlango wa kwenu, si leo, si leo. Ningeandika nini?"

"Ungeandika kwamba tumesema si leo."

Mtu mmoja akakohoa nyuma ya kabati. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na kama ndivyo alifanya vizuri kukizuia.

"Ningeweza kukusema kule kule kwetu," mama akaendelea. "Maneno ninayo, na wenzangu wangenisaidia. Lakini nimepanda basi, nimesimama njia nzima, ili nikuseme ukiwepo. Sasa nimekwisha kukusema. Sina kinyongo na wewe. Hicho kiti bado kipo?"

Akakaa. Akaomba maji, akanywa, akamwuliza dada kama ana watoto. Huyo ndiye Mama Soli. Aliitwa hivyo kwa sababu soli aliyoishona haikuwa ikibanduka, hata kiatu chenyewe kichakae juu yake.

Mimi ni mpanga kurasa wa gazeti hilo. Habari zinaandikwa na wengine. Mimi ndiye ninayeamua zikae wapi na zionekane vipi, na pale pembeni ya ukurasa wa nne pana kona ya mashairi ambayo ni himaya yangu. Hakuna aliyenifundisha mizani wala vina. Nilivifuata mwenyewe mpaka vikachoka kunikimbia. Nasema hivi mapema ili nikifika mbele mtu asishangae.

Mji uliwaita watu wa Mama Soli Mabubu. Walikuwa na lugha yao waliyozungumza nyumbani, na dini yao haikuwa na ngoma, kengele wala mwito. Waliingia kwenye nyumba yao ya ibada, wakakaa kwenye mabenchi, wakanyamaza. Mtu akisukumwa moyoni na neno, alisimama akalisema, kisha akakaa. Kama hakuna aliyesukumwa, walikaa kimya mpaka muda ukaisha wakaenda zao. Siku nyingine zote mtaa wao wa chini ulijaa makelele, maana wote walikuwa mafundi viatu na nyundo hazijui ibada. Viatu vyangu vyote vya shule vilitoka kwao.

Katika mwaka wa uchaguzi uliopita, uvumi ulianza kwamba watu wanaokaa kimya hivyo lazima wanapanga jambo. Mara wana silaha chini ya mabenchi, mara wanawalaani watoto wa wenzao. Uvumi hauna miguu lakini unafika kabla ya mwenye baiskeli. Asubuhi moja malori ya manispaa yakaingia mtaa wa chini, na nyuma yake vijana wa kukodiwa. Nyumba ya ibada ikavunjwa. Mabenchi na kalibu za kuumbia viatu zikarundikwa barabarani na kuchomwa moto. Wanaume wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa kwenye ghala moja, wakafungwa mikono nyuma na kuchapwa nyayo. Mume wa Mama Soli alirudishwa juu ya toroli. Fundi aliyevisha miguu ya mji mzima hakuweza tena kuvaa hata kandambili, na hakuumaliza mwezi.

Waliobaki walitawanyika pembezoni mwa mji, wakapanga vyumba vya uani. Mtaa wao ukazungushiwa mabati na kuwekewa bango la jengo la maduka. Serikali ikatangaza kwamba wakazi walihama kwa hiari yao. Ukiwauliza majirani wa mitaa mingine waliona nini, utadhani asubuhi ile mji mzima ulikuwa bafuni.

Dada hakukubali. Aliandika, akaandika tena, mpaka ikaundwa tume chini ya jaji mmoja mstaafu, mwanamke mkavu asiyependa hotuba. Kisheria tume ilikuwa na nguvu ya kuwarudisha watu mtaani kwao, kwa sharti moja: ithibitike kwamba walifukuzwa kwa amri ya mtu. Na hapo ndipo pazito. Mashahidi walikuja, wakaeleza moto, malori na ghala. Wakiulizwa ni nani aliyetoa amri, walitazama chini. Kikao kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Kikipita bila jina, jalada linafungwa, mabati yanabaki, na tingatinga lililokwisha kuegeshwa pale linaanza kuchimba.

Jina lenyewe mji mzima ulilijua. Wakati ule mkuu wa eneo lile alikuwa Bwana Tabasamu, na sasa alikuwa anagombea ubunge, meno yake yakiwa kwenye kila nguzo ya umeme. Hakuwahi kukanyaga kwenye tume. Kila kikao alimtuma wakili wake, kijana mwenye viatu vinavyolia, naye alisimama na kusema kwamba mteja wake ana shughuli za kitaifa, na kwamba kwa kuwa hakuna aliyemtaja, hana la kujibu. Alikuwa sahihi. Jaji hakuwa na mamlaka ya kumwita mtu asiyetajwa na shahidi.

Basi Mama Soli alipokuwa amekaa pale na maji yake, dada alimwomba radhi mbele yetu sote, kisha akamkaribisha nyumbani. Dada akikosea hulipa kwa chai.

Tunaishi na mama yetu, kwenye vyumba vya chini vya nyumba ya ghorofa moja, sebule yenye kochi moja zuri na moja la kukalia. Mama yetu ni mtu mwema, mwenye kusali na kutoa. Ila kama umbeya ungekuwa unasomewa, leo angekuwa profesa. Jumamosi mchana Mama Soli alipofika, chai haijapoa umbeya wa mama ulikuwa umeshamfikia mpangaji wa juu.

"Mwenzangu, kuna mtu hapo juu amenishinda. Nikianika nguo, yeye anamwaga maji machafu. Makusudi. Namwona. Tena na mume wake yule..."

"Anakaa hapo juu?" Mama Soli akauliza.

"Mlango wa kushoto. Sasa huyo mume wake..."

"Subiri kidogo," mgeni akasema, akainuka, akatoka.

Tulidhani anatafuta msalani. Mama hata alianza kumwelekeza kwa sauti. Kisha tukasikia mlango wa juu unagongwa, na baada ya kitambo nyayo za watu wawili zikishuka ngazi. Mama Soli aliingia akiwa amemshika mkono mpangaji wa juu, mama mnene mwenye unga kwenye viganja, akamkalisha kwenye kochi zuri.

"Huyu hapa," akasema kwa upole kabisa. "Endelea, mwenzangu."

Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akikosa neno. Alitazama kikombe kana kwamba kimeandikwa jibu.

"Nilikuwa nasema," akaanza, "nilikuwa nasema kwamba mapazia yako yamekaa vizuri."

"Si hayo," Mama Soli akamsaidia. "Ni ya maji machafu. Ulisema ni makusudi."

Mimi nikaondoka na kusimama jikoni, maana kicheko kilikuwa kinanitoka puani. Kutoka huko nikasikia mama, kwa sauti ndogo niliyodhani hana, akilisema jambo lote: nguo, maji, makusudi. Mpangaji wa juu akajibu kwamba bomba lake limepasuka tangu zamani, amemlilia mwenye nyumba mpaka machozi yamekauka, na kwamba yeye alidhani mama ndiye anayeziba mfereji wa chini kwa makombo. Pakawa na ubishi wa haki. Kisha pakawa na vicheko. Niliporudi, wale wawili walikuwa wamegeukiana magoti kwa magoti, wanamchambua mwenye nyumba, ubahili wake na kitambi chake.

"Naye anakaa wapi?" Mama Soli akauliza, akishika mkoba wake.

Mama akamvuta gauni akae.

Dada hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa amekiweka kikombe chini, akimtazama mgeni kwa jicho lile la kupe aliyenusa damu.

"Mama," akasema. "Siku ile ofisini ulikuja kunisema nikiwepo."

"Ndiyo."

"Nikikuuliza sasa ni nani aliyetoa amri..."

"Usiniulize, mwanangu."

"Kwa sababu hayupo hapa."

Mama Soli akakunja mikono mapajani. Mpangaji wa juu akatutazama mmoja mmoja, akajua kwamba mabomba yamekwisha na limeingia jambo jingine.

"Mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo?" dada akauliza. "Miezi yote ile. Neno moja tu."

"Nikikwambia kwamba simsemi mtu kwa sababu hayupo, si nimeshamsema?"

 Swali hilo halikuwa na mlango wa nyuma.

"Sisi tunafundishwa hivyo tungali mgongoni," akaeleza. "Kumshitaki asiyekuwepo ni kumpiga mtu uliyemfunga mikono. Mume wangu alipigwa amefungwa mikono. Unataka na mimi nifanye hivyo hivyo?"

"Na akiwepo?"

"Akiwepo, hata ukiniziba mdomo nitasema kwa pua."

Dada alipiga goti lake kwa kiganja, akasimama. "Anajua," akasema. "Shetani yule anajua."

"Nani?" mama akauliza, na kabla dada hajajibu Mama Soli alikuwa amejiziba masikio.

Ilibidi dada anivute jikoni ndipo anieleze, ingawa nilikwisha kuelewa. Bwana Tabasamu alikuwa na wimbo mmoja katika kila mkutano wa kampeni: kwamba yeye ni mtoto wa watu wadogo, amekulia mtaa wa chini, amekula kwenye kila sufuria ya mafundi viatu. Watu walipiga makofi. Sasa makofi yale yalikuwa na maana nyingine. Mtu aliyekula kwenye sufuria zile alijua sheria ya wenye sufuria. Alijua kwamba siku atakapokosekana ndani ya chumba, hakuna fundi viatu atakayelitamka jina lake, hata kama fundi huyo anakufa. Imani yao ndiyo aliyoifanya ngao, naye akajikinga nyuma yake kila kikao, akimtuma wakili.

"Mashahidi hawamtaji mpaka aitwe," dada akasema, "na Jaji hamwiti mpaka atajwe. Mdogo wangu, huyu mtu lazima aje kwa miguu yake."

"Mwandike."

"Nimwandike na ushahidi gani? Breki ataniua."

Breki ni mhariri wetu. Si mwoga, ila ameendesha gazeti miaka mingi kwenye mteremko. Jumatatu dada alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ukimtaja bila shahidi, mahakamani tutauza mpaka vikombe. Hapana."

"Nisipomtaja?" nikauliza mimi kutoka mlangoni.

"Wewe nani kakuita?"

Nikamwekea mbele ubeti nilioutunga alfajiri ile ile, kichwa kikiwa bado moto:

*Mkali majukwaani, hunguruma, hunguruma,*
*Akiitwa kikaoni, wakili humsukuma,*
*Bubu anamwogopani, mbona anarudi nyuma?*
*Njoo bwana hadharani, kama kweli u mzima.*

Breki akasoma. Akahesabu kwa vidole, nadhani mizani, maana hata yeye alikuwa na ujana wake. "Jina liko wapi?"

"Halipo."

"Atajijua?"

"Asipojijua, mji utamwambia."

Akavaa miwani. "Kona yako ya ukurasa wa nne. Mimi sijauona."

Sitajifanya mnyenyekevu. Ubeti ule uliruka. Wapagazi wa stendi waliupakia pamoja na magunia, wanafunzi waliuandika ubaoni, kinyozi mmoja alikuwa anakata nywele kwa mapigo yake. Mkutano uliofuata wa kampeni Bwana Tabasamu alinguruma kama kawaida, na kila alipovuta pumzi, mtu mmoja nyuma aliitikia, "hunguruma, hunguruma." Kicheko kikapita uwanjani kama upepo juu ya mabati. Mwanasiasa anaweza kuvumilia kuitwa mwizi. Wapo wanaompenda kwa hilo. Kuchekwa hakuvumiliki. Akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba kikao cha mwisho cha tume atakwenda mwenyewe, kwa sababu hajawahi kumwogopa mtu tangu azaliwe.

Siku yenyewe tulifika mapema. Tume ilikuwa inakaa kwenye ukumbi wa maktaba ya zamani, ghorofani, juu ya ngazi pana za nje. Mafundi viatu walikuwa wameshajaa barazani, wazee kwa vijana, wengine kwa magongo. Mama Soli akanisimamisha juu ya ngazi.

"Ule ubeti ni wako?"

"Ni wangu, mama." Kifua kilinipanda.

"Mtamu. Umepigwa nyundo vizuri. Ila ulimsema hayupo."

Kifua kikashuka. "Mama, hiyo ni sheria yenu. Siyo yangu."

"Kweli si yako," akakubali. "Lakini mwanamume mwenye ulimi kama huo, anausomea ukuta wa nini? Ukuta utajifunza nini?"

Niliungua. Nimewahi kutukanwa na watu wenye hasira na sikujali. Yule hakuwa na hasira hata chembe.

Gari jeusi likaingia. Bwana Tabasamu akashuka, meno mbele, akasimama chini ya ngazi wapiga picha wamwone. Akawapungia mkono. Kisha nikamsikia akiwaambia waandishi, "Mmeniona, nimekuja, kama nilivyoahidi. Wakili wangu atabaki ndani, mimi nina mkutano mwingine." Akageuka, mlango wa gari ukafunguliwa.

Hivyo ndivyo alivyopanga. Afike, asiingie. Dada akanishika kiwiko mpaka nikaumia.

Nikamwita kwa cheo chake. Akageuka, akidhani ni salamu. Nikausoma ubeti wangu kuanzia neno la kwanza, kutoka juu ya ngazi, macho yangu kwenye macho yake, bila kukimbilia kina hata kimoja. Barabarani watu wakasimama. Niliposema "Njoo bwana hadharani," sikuhitaji kumalizia. Umma wote pale chini uliitikia, wauza karanga, madereva, hata askari mmoja aliyejisahau: "kama kweli u mzima."

Wakili alikuwa ameshamshika mkono, ananong'ona. Bwana Tabasamu akautoa mkono wake. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limekauka tu kama gundi. Akazipanda ngazi, mbilimbili, akanipita bila kunitazama, akaingia ukumbini.

Watu wa Mama Soli walikuwa wameingia nikiwa bado nasoma, wakakaa kwenye mabenchi. Alipovuka kizingiti, wote wakainuka. Wakili alifikiri ni heshima, akaanza kuitikia kwa kichwa.

"Umekuja," Mama Soli akasema. "Karibu. Kaa. Tunakusema."

Nilimwona Bwana Tabasamu akielewa. Uso wa mtu aliyekula kwao, aliyeijua sheria ile kama jina lake, akitambua yuko upande gani wa mlango. Akatazama saa. "Mheshimiwa Jaji, mimi nilikuja kusalimu tu, nina shughuli za..."

"Umeingia kwenye kikao changu," Jaji akasema bila kuinua kichwa. "Utatoka nikikiahirisha. Pale pana kiti."

Mama Soli hakumgeukia Jaji. Alisimama mbele ya kile kiti, na maneno yake yote aliyaelekeza kwake.

"Wewe ulisimama kwenye kona ya duka la ngozi. Ulivaa shati jeupe. Lori la kwanza liliposimama, dereva alikuuliza aanzie wapi, ukamwonyesha nyumba ya ibada kwa mkono wako wa kulia. Ulikuwa umbali wa kunisikia. Nilikuita kwa jina nililokuitia ulipokuwa mdogo, ulipokuwa unakuja kwangu kula. Uligeuka ukanitazama. Kisha ukawaambia wale vijana, huyo mume wake ndiye anayewafundisha, mchukueni. Nimekusema. Kama nimekosea neno, nisahihishe."

Hakumsahihisha. 

Mama Soli akakaa. Akainuka mzee mwenye magongo. "Wewe ulikuja ghalani. Ulisimama mlangoni ukasema, nyayo, ili wasirudi mtaani." Akakaa. Akainuka mwanamke mwingine, kisha kijana wake, kisha fundi ambaye dada alikuwa amemgongea mlango mpaka akachoka. Kila mmoja alimwambia yeye, wewe, wewe ulifanya hivi, mimi nilikuwa hapa. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyerudia alilosema mwenzake. Walikuwa wamebeba maneno haya miaka yote hii bila kuyachakaza kwa kuyasema ovyo, na sasa yalitoka mapya, kama viatu kutoka kwenye kalibu. Wakili alisimama kupinga. Jaji akamwashiria kwa kalamu akae, akakaa, viatu vikilia. Dada yangu aliandika bila kutazama karatasi. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye wino, na mkono haukusimama.

Yule wa mwisho akakaa. Bwana Tabasamu alikuwa anatazama viatu vyake. Tabasamu lilikuwa limekwenda, na bila hilo alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye mashavu yaliyolegea.

"Una la kujibu?" Jaji akamwuliza.

"Ni kweli nilikuwepo," akasema kwa shida. "Ni kweli nilionyesha kwa mkono. Lakini mimi nilitumwa. Aliyenituma ni mkubwa wangu," akamtaja kwa jina, "yeye ndiye..."

Hapo likatokea jambo ambalo wakili hakulitegemea, Jaji hakulitegemea, wala dada. Mabenchi yakakwaruza sakafu. Watu wote wa mtaa wa chini waliinuka kwa pamoja, wakashika magongo yao na mikoba yao, wakaanza kutoka ukumbini kwa foleni, taratibu, kama watu wanaotoka ibadani.

Jaji akavua miwani. "Mnakwenda wapi? Ndiyo kwanza anasema mnachotaka kukisikia."

Mama Soli akasimama mlangoni.

"Mheshimiwa, anamsema mtu asiyekuwepo. Sisi hatuwezi kukaa tukasikiliza. Aitwe naye, aje, tutarudi."

Jaji akavaa miwani yake. Kisha akamgeukia Bwana Tabasamu, aliyekuwa ameachwa peke yake na mabenchi matupu.

"Umemtaja," akamwambia. "Hicho tu ndicho nilichokosa vikao vyote hivi." Akamwambia karani, "Andika. Aitwe."

Jaji akaandika amri yake pale pale, akaisoma kwa sauti kavu ile ile, milango ikiwa wazi ili walio barazani wasikie: kwamba imethibitika walifukuzwa kwa amri, kwamba jalada halifungwi, kwamba mabati yaondolewe leo, tingatinga litolewe leo, na watu warudi mtaani kwao leo hii, wakati tume inamsubiri huyo mkubwa. Aliposema leo mara ya tatu nikasikia mama mmoja barazani akipiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa aibu, kisha akaona aibu haina kazi, akakipiga tena.

Dada alikimbilia ofisini. Kichwa cha habari alichokipeleka kwa Breki kilikuwa na jina kamili, cheo kamili, na maneno "Alisemwa Akiwepo." Breki hakugusa nukta. Nilikipanga kwa herufi kubwa kuliko zote tulizonazo, ukurasa wa kwanza, upana wote. Gazeti lile liliisha mitaani kabla ya saa ya chakula, na mama yetu alilinunua mwenyewe ingawa tulimletea la bure, akaenda kulisoma kwa sauti na mpangaji wa juu.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake. Jioni ile ile ya amri, jua likiwa bado kali, mimi na dada tulikwenda mtaa wa chini. Dereva wa tingatinga alikuwa ameshaliondoa, ameacha alama za minyororo kwenye udongo. Mabati yalikuwa yamelazwa chini. Mahali palipokuwa na nyumba ya ibada palikuwa na nyasi na vipande vya matofali, na watu walikuwa wamekaa hapo chini, mistari kwa mistari, kama vile mabenchi bado yapo. Kimya kabisa. Barabarani watu wa mjini walisimama kutazama, wale wale wa bafuni, wakiwa wameshika kofia zao. Hakuna aliyesema neno Mabubu.

Dada akamwuliza mzee wa magongo kwa ishara kama tunaruhusiwa. Akatusogezea nafasi. Tukakaa kwenye nyasi. Nilikuwa na beti kichwani zinagombania mlango, nikaziambia zingoje.

Baada ya muda Mama Soli akasimama.

"Tumerudi," akasema, akakaa.